Ngiri ya paka: uvimbe unaoonekana na ule usioonekana

Paka aliyegongwa na gari au kuanguka kutoka ghorofani huweza kuinuka, akatembea na hata kula, ilhali ini au utumbo wake umekwisha kupenya na kuingia kifuani.

Hali hiyo ni aina mojawapo ya ngiri, yaani kiungo cha ndani kupita kwenye upenyo wa misuli iliyopaswa kukizuia. Tiba yake ni upasuaji.

Ngiri inayofahamika zaidi ni ya kitovu, ambayo kwa kawaida mtoto wa paka huzaliwa nayo. Huonekana kama uvimbe laini tumboni, unaorudi ndani ukibonyezwa taratibu. Ikiwa ndogo, huweza kuziba yenyewe katika miezi ya mwanzo. Isipoziba, daktari wa mifugo huishona, mara nyingi siku ile ile paka anapofungwa uzazi.

Lakini uvimbe ukiwa mgumu, wenye maumivu na usiorudi ndani, huku paka akitapika, huenda utumbo umenaswa na kukosa damu. Hapo upasuaji hausubiri kesho.

Ngiri iliyojificha

Kiwambo ni msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kikipasuka kwa ajali, hakuna uvimbe wa kuonekana. Dalili kuu ni pumzi. Paka huhema haraka au hutweta kinywa wazi. Dalili hizo zaweza kuchelewa kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida picha ya eksirei ndiyo hufichua tatizo.

Kwanza mgonjwa hupewa oksijeni na kutulizwa. Baada ya kutiwa nusukaputi hupumulishwa kwa msaada, kwani tumbo likishafunguliwa mapafu hayawezi kujaa hewa yenyewe. Daktari huvirudisha viungo mahali pake, hushona kiwambo, kisha huondoa hewa iliyobaki kifuani.

Wengi wa paka wanaofanyiwa upasuaji huo hupona. Wakirudi nyumbani huzuiwa kurukaruka kwa wiki mbili hivi, na huvishwa kola pana shingoni wasilambe mshono.

Katika kumhurumia, mwenye paka asithubutu kumpa parasetamoli: kidonge kimoja tu chaweza kumuua. Na paka aliyepata ajali apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anatembea.