Ledoux na ndoto ya mji bora wa wafanyakazi

MGODI wa shaba wa Macalder, Nyatike, Kaunti ya Migori, ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini watu hawakuondoka. Wachimbaji wadogo wangali wanatafuta dhahabu humo, na suala la makazi yao lingalipo. Ufaransa ililijaribu suala kama hilo zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Mwaka 1775, msanifu majengo Claude-Nicolas Ledoux alianza kujenga kiwanda cha chumvi cha mfalme huko Arc-et-Senans, kazi iliyokamilika mwaka 1779. Enzi hizo nguzo za mawe zilikuwa heshima ya makanisa na makasri. Kuzitia kiwandani kulionekana kama utovu wa adabu. Ledoux hakujali. Aliyapanga majengo kwa nusu duara, akajenga langoni nguzo nene zilizoiga mahekalu ya Wagiriki wa kale, na kuiweka nyumba ya mkurugenzi katikati. Wafanyakazi walipewa nyumba zenye meko ya pamoja, na nyuma yake bustani za mboga.

Hata hivyo, uzuri huo ulikuwa na macho. Nyumba ya mkurugenzi ilitazama mabanda yote, na ukuta ulizunguka kiwanda ili chumvi isiibwe, kwani ilitozwa kodi nzito iliyochukiwa na raia. Bustani zenyewe zilimfanya mfanyakazi asiwe na sababu ya kutoka. Hapo ndipo penye utata wa ndoto hii: wema na ulinzi vilichorwa kwa kalamu moja.

Baadaye Ledoux aliukuza mchoro huo ukawa mji mzima, Chaux, wenye nyumba iliyobuniwa kwa kila kazi, hata ya wakata kuni. Haukujengwa. Vituo vingi vya ushuru alivyoijengea Paris vilichomwa na umma mwaka 1789, naye akafungwa gerezani wakati wa Mapinduzi. Michoro aliichapisha mwaka 1804, miaka miwili kabla ya kufariki.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1895, na mwaka 1982 kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2018 orodha hiyo iliongezwa Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyopangwa bila saruji katika Migori hiyohiyo. Nayo yana kuta za mviringo, ila zilijengwa na wakazi wenyewe, kuwalinda wao na mifugo yao.