RAMANI ZA SARATANI (4): Kongosho la Birmingham na daftari la Kampala

Mwishoni mwa mwaka 2025 NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, ilitangaza jaribio ambalo magazeti mengi yalilipa aya mbili tatu kisha yakarudi kwenye kandanda. Madaktari wa familia katika mamia ya zahanati za England wametakiwa wasingoje mgonjwa aje kulalamika. Wapekue kumbukumbu zao, wamtafute mtu aliyevuka miaka 60 na kupata kisukari hivi karibuni huku uzito wake ukipungua, wamwite na kumpeleka akachunguzwe kongosho. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2024, Ukaguzi wa Kitaifa wa Saratani ya Kongosho ulikuwa umeanza kuchapisha ripoti za England na Wales, na aliyezifungua aliona lile nililolisema katika makala ya pili: matunzo hayafanani eneo kwa eneo.

Waswahili wa Birmingham huwa na swali moja: sisi wa hapa tuko juu au chini? Nitalijibu, ila msomaji anivumilie nipitie Kampala kwanza. Asiyejua jinsi ramani ya saratani ilivyochorwa kwetu ataisoma ya Birmingham kichwa chini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Idara ya Patholojia ya Makerere, Jack Davies na wenzake walianzisha daftari la saratani la Kampala. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda: kila mkazi wa kaunti ya Kyadondo, inayouzunguka mji, akigunduliwa kuwa na saratani aandikwe jina, umri, kabila, anakoishi na kiungo kilichoathirika. Hapakuwa na kompyuta wala simu za kutegemewa. Palikuwa na makarani, kadi, na watu wa kutembea hospitali hadi hospitali, Mulago, Mengo na Nsambya, kuuliza nani kaingia na nani kafa. Makarani hao hawakuandikwa vitabuni, nami nasema bila kusita kwamba sayansi ya saratani Afrika Mashariki inawadai zaidi kuliko inavyowadai baadhi ya maprofesa.

Katika hospitali hiyohiyo ya Mulago alifanya kazi Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland ya Kaskazini aliyekuwa na jicho moja tu tangu utotoni. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Muda si mrefu akamwona mtoto wa pili, safari hii Jinja, mwenye uvimbe wa namna ileile. Burkitt alirudi kwenye mafaili, akakusanya wagonjwa, na mwaka 1958 akachapisha makala yake katika jarida la upasuaji la Uingereza. Watu wachache waliijali. Lakini swali lililokuwa likimkera halikuwa la kisu. Alitaka kujua ugonjwa huu uko wapi, na unaishia wapi.

Basi Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kuondoka Kampala kuelekea kusini. Walikwenda takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi, wakisimama katika hospitali zaidi ya hamsini, za serikali na za misheni, hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila walipofika walitoa picha za watoto wenye uvimbe ule na kuuliza: mmeona huyu? Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Wakati wengine wakishona bendera, hawa walikuwa wakihesabu taya zilizovimba, na sioni kwamba moja ya kazi hizo ilikuwa ndogo kuliko nyingine.

Ramani waliyorudi nayo ilikuwa mkanda unaokata Afrika pande zote mbili za Ikweta, wenye mkia unaoteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Nyanda za juu hazikuwamo. Karibu na Ikweta, mahali palipopita mita 1,500 hivi juu ya bahari ugonjwa ulikuwa haba, na kadiri ulivyokwenda kusini ndivyo kimo hicho kilivyoshuka. Mwinuko wenyewe hauzuii saratani. Kilichopimwa kwa kweli kilikuwa joto na mvua, na palipo joto na mvua pana mbu na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakiwa London waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizotumwa kutoka Kampala. Leo tunajua kwamba kirusi hicho na malaria hushirikiana kuleta ugonjwa ule.

Williams naye nisimwache. Alikuwa mmisionari daktari huko Kuluva, karibu na Arua, na alikuwa na tabia ambayo ningependa kila daktari aapishwe kuifuata: aliandika mgonjwa na mahali alikotoka, mwaka baada ya mwaka. Kwa sababu hiyo mwaka 1967 yeye, Malcolm Pike na Barbara Wright waliweza kuonyesha kwamba katika wilaya yake ya West Nile wagonjwa wa uvimbe wa Burkitt walitokea kwa mafungu, karibukaribu kwa mahali na kwa wakati. Hospitali kubwa zenye mashine nzuri hazikuweza kulisema hilo, kwa kuwa hazikuuliza kijiji.

Sasa tuje Birmingham, mji ambao watu wake hujisifia magari, chokoleti na timu ya Aston Villa, na husahau daftari lao. Daftari la saratani la Birmingham lilianza mwaka 1936, likapanuka hadi kulifunika eneo lote la West Midlands, na kwa miaka mingi liliongozwa na John Waterhouse wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Mwaka 1966 Waterhouse, Richard Doll na Peter Payne walihariri juzuu ya kwanza ya Cancer Incidence in Five Continents, kitabu kilichokusanya hesabu za madaftari ya saratani ya mabara matano. Ukikifungua unaikuta Birmingham, na katika jalada lilelile unaikuta Kyadondo. Eneo la viwanda lenye mamilioni ya watu na kaunti ya migomba zimewekwa katika majedwali ya namna moja, kwa kanuni zilezile. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo karani wa Kampala angeweza kupewa.

Kisha ikaja miaka ya Idi Amin. Mwaka 1972 Waasia wa Uganda walifukuzwa, na baadhi yao ndio majirani zetu leo hapa Midlands. Madaktari wakaondoka, makarani wakaenda kutafuta riziki, daftari la Kampala likafifia, likaja kufufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Waliougua katikati hapo na kufa bila kuandikwa hawatahesabiwa tena na mtu yeyote.

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu ripoti za kongosho zinaposomwa hapa mjini, kosa hurudi lilelile: mtu anaona namba kubwa mahali fulani na kudhani pana sumu, au namba ndogo na kudhani pana usalama. Namba za hatua ya nne, yaani za saratani iliyokwisha kuenea mwilini, zina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni umri. Saratani ya kongosho ni ya wazee zaidi, na Birmingham ni miongoni mwa miji yenye vijana wengi katika Ulaya. Herefordshire, iliyo katika West Midlands hiihii, imejaa wastaafu. Ukihesabu wagonjwa kwa kila watu 100,000 bila kusawazisha umri, mashamba ya Herefordshire yatatisha kuliko mitaa ya Sparkbrook hapa Birmingham, na utakuwa umepima mvi tu.

Wa pili ni kuchanganya vipimo viwili. Kiwango cha wagonjwa wa hatua ya mwisho katika idadi ya watu ni kitu kimoja. Sehemu ya wagonjwa waliogunduliwa wakiwa wamechelewa ni kitu kingine. Eneo laweza kuwa na wagonjwa wachache ambao karibu wote wamechelewa. Jingine laweza kuwa na wagonjwa wengi kwa sababu ya sigara, unene na kisukari, ila likawawahi wengi wao. La kwanza linahitaji madaktari wanaofikika. La pili linahitaji kwanza kuzuia.

Wa tatu ndio unaoniumiza mimi, mpenda madaftari. Kuna wagonjwa ambao hatua yao haikuandikwa kabisa. Karibu nusu ya wagonjwa wa saratani ya kongosho England hugunduliwa baada ya kufika hospitali kwa dharura. Mzee dhaifu aliyeletwa usiku, akafa kabla ya vipimo kukamilika, aweza kuingia katika hesabu bila hatua. Huyo ndiye aliyechelewa kuliko wote, na ndiye asiyeonekana katika safu ya hatua ya nne. Kwa hiyo eneo lisilopima vizuri laweza kuonekana jema. Anayenionyesha orodha ya maeneo nami simwamini mpaka anionyeshe pia idadi ya hao wasio na hatua.

Jibu langu kwa swali la Waswahili, basi, ni kwamba nafasi ya Birmingham katika orodha haina maana mpaka mitego hiyo mitatu iondolewe, na kwamba cha kututia wasiwasi kipo nje ya orodha. Kwa mujibu wa vipimo vya serikali vya mwaka 2019, zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wa mji huu walikuwa wakiishi katika asilimia 10 ya maeneo yenye umaskini mkubwa kuliko yote England. Kisukari kimejaa. Nusu ya watu na zaidi hawatokani na Wazungu wa Uingereza, na baadhi yao wamelelewa kuzungumza na daktari kwa lugha nyingine. Ugonjwa unaojificha nyuma ya tumbo la chakula ukiwapata watu wanaojificha kwa daktari, matokeo hayahitaji ramani. Takriban wanane kati ya kumi nchini hugunduliwa upasuaji ukiwa hauwezekani tena, na hata mmoja kati ya kumi hafikishi miaka mitano.

Tena si kwamba mji hauna uwezo. Hospitali ya Queen Elizabeth, pale Edgbaston, ilijaribu jambo ambalo lingestahili kurasa za mbele. Wagonjwa wenye umanjano waliofaa kupasuliwa walikuwa wakiwekewa kwanza bomba la kufungua mrija wa nyongo, kisha wakisubiri. Keith Roberts na wenzake wakaiondoa hatua ya bomba kwa wagonjwa waliowachagua na kuwapeleka moja kwa moja kwenye upasuaji. Muda ukashuka kutoka siku 65 hadi 16, na waliokutwa bado wanaweza kuondolewa uvimbe wakapanda kutoka asilimia 75 hadi 97. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Kilichopunguzwa ni kungoja.

Lakini hospitali haiwezi kupunguza kungoja kwetu wenyewe. Mama akipungua kilo nane bila kujinyima, harusini anaambiwa amependeza. Baba akipata sukari akiwa na miaka 67, anaambiwa ni ugonjwa wa ukoo, japo katika ukoo wake hakuna aliyewahi kuipata. Mgongo ukiuma husemwa ni baridi ya Uingereza. Tunakunywa habasoda na mwarobaini, tunasema tutapimwa tukienda nyumbani Desemba, na tukifika kwa daktari tunamchukua binti atufasirie, naye kwa haya anaruka habari za choo. Habari hizo ndizo daktari alizozihitaji: choo cheupe kinachoelea na kunuka kuliko kawaida, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili unaowasha bila upele. Katika ngozi nyeusi umanjano hauonekani mapema shavuni. Mtazame mtu weupe wa macho, mchana, dirishani.

Mwongozo wa NICE, ambao madaktari wa England wanautumia, uko wazi na unafaa kukaririwa. Mtu wa miaka 40 na kuendelea mwenye umanjano anaandikiwa rufaa ya haraka ya saratani. Mwenye miaka 60 na kuendelea, akiwa amepungua uzito na pia ana kuhara, maumivu ya mgongo au ya tumbo, kichefuchefu, kutapika, kufunga choo au kisukari kipya, anafikiriwa kupelekwa kipimo cha CT ndani ya wiki mbili. Mkalimani ni haki ya mgonjwa na halipiwi na mgonjwa.

Nawaomba viongozi wa vyama vyetu, misikiti na makanisa hapa Birmingham wanunue mizani, waiweke mahali watu wanapokutana kila wiki, na wafungue daftari la kurasa mia: tarehe na kilo, kwa kila mzee anayekubali. Jina liwe siri ya mwenye daftari na mwenyewe. Mzee akienda kwa daktari asiseme "nimepungua kidogo." Aseme alikuwa na kilo ngapi mwezi wa Machi na ana kilo ngapi leo, na aombe iandikwe.