Namba 93: maketi ya sentimita 14 inayofungua tena kurasa za vita ya Katanga

Mwezi wa pili 1961, ndege kubwa ya mizigo ilishuka Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Ndani yake mlikuwa ndege tatu ndogo za jeti zilizotengenezwa Ufaransa, aina ya Fouga Magister. Ni ndege za kufundishia marubani, lakini zinaweza kubeba bunduki na mabomu. Zilijulikana kwa namba 91, 92 na 93. Moja ilianguka mwezi wa sita. Nyingine ikakamatwa na ONU mwezi wa nane, palepale Elisabethville. Iliyobaki, ile ambayo wengi wanaitaja kuwa namba 93, ilitosha kusumbua maaskari wa ONU katika Katanga nzima kwa muda wa siku chache za mwezi wa tisa. Ndiyo ilishambulia kundi la maaskari wa Ireland wapatao 150 waliozungukwa Jadotville, Likasi ya leo, mpaka wakaishiwa na kila kitu na kujisalimisha.

Leo Fouga inauzwa ndani ya boksi. Kampuni Heller ya Ufaransa iliitoa kwa kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita ya plastiki ni sentimita 72 za ndege ya kweli. Ndege yenye urefu wa mita 10 inakuwa kitu cha sentimita 14 ambacho mtu anaweza kukishika kwa vidole viwili. Wanaotengeneza maketi hizi si watoto. Wengi ni watu wazima wa Ulaya, Amerika na Japani, ambao wanakaa usiku mezani na gundi, msasa na brashi nyembamba. Na kubandika vipande ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Shida inaanza pale maketi imekauka na mtu anajiuliza: niandike nini juu yake, wapi, na kwa rangi gani?

Kwa Fouga ya Katanga swali ni gumu kuliko inavyoonekana. Mkia wake hausimami kama mkia wa ndege nyingine. Una mabawa mawili yaliyofunguka kama herufi V. Basi bendera ya Katanga, yenye nyekundu, nyeupe, mstari wa kijani na misalaba mitatu ya shaba, ilikuwa upande gani wa V hiyo? Namba ilikuwa puani au tumboni? Ilikuwa sawa pande zote mbili? Picha zinazojulikana ni chache, nyingi hazina rangi, na mara nyingi zinaonyesha upande mmoja tu.

Ili kuelewa kwa nini watu wanateseka hivyo, inafaa kutazama kwanza ndege ambayo historia yake imehifadhiwa vizuri. Kule London, katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza, kuna ndege kubwa ya mabomu, Lancaster, iliyopigana katika vita ya pili ya dunia. Kwenye ubavu, karibu na mkia, imeandikwa R5868. Hiyo namba ni kama namba ya shasi ya gari: inatoka kiwandani na haibadiliki. Lakini ubavuni kuna pia herufi kubwa, PO-S. Hizo ni kama namba ambayo kampuni ya taksi inaipaka mlangoni. PO ni kikosi cha 467 cha Waaustralia, S ni ndege yenyewe ndani ya kikosi. Taksi ikiuzwa kwa kampuni nyingine, mlango unapakwa upya. Ndivyo ilivyokuwa: kabla ya kufika 467, R5868 hiyohiyo ilikuwa katika kikosi cha 83, na ubavuni iliandikwa OL-Q. Kwa hiyo mtu anayechukua OL-Q na kuweka alama za safari zote zaidi ya 130 ambazo ndege hiyo ilifanya mpaka mwisho wa vita, ametengeneza ndege ambayo haikuwako hata siku moja.

Kuna mtego mwingine. Ndege yenye herufi G ikipigwa usiku, kesho yake ndege mpya inaweza kuletwa na kupakwa G ileile. Kikosi kimoja kinaweza kuwa na G nne au tano katika mwaka mmoja. Daftari za kikosi, zinazohifadhiwa katika nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew, mara nyingi zinaandika namba ya kiwandani bila herufi. Kitabu cha rubani, chenyewe, mara nyingi kinaandika herufi tu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiiona asubuhi akipanda. Mtafiti anaweka karatasi hizo mbili pamoja, anatafuta tarehe moja, rubani mmoja, safari moja. Zikikutana, amepata jibu. Zisipokutana, anarudi mwanzo.

Hata macho yanadanganya. Filamu za zamani za aina fulani hazikuona rangi kama sisi tunavyoziona: manjano ilitoka nyeusi, buluu ikatoka nyeupe. Kwenye picha kama hizo, mzunguko wa manjano kando ya alama ya Uingereza unaonekana mweusi, na mtu asiyejua anaapa kwamba haukuwako. Wachoraji wengi walianguka hapo. Wakachora, wengine wakanakili michoro yao, na baada ya miaka 20 kosa moja limechapwa kwenye maboksi na kwenye dekali, zile alama za kubandika zinazoloweshwa majini kabla ya kuteleza juu ya plastiki. Mchoro mzuri wa rangi si ushahidi. Ni maoni ya mtu mwenye brashi.

Na kuna haraka ya vita. Mwezi wa sita 1944, kabla ya majeshi kuvuka kwenda Normandie, iliamriwa ndege zipakwe mistari mitano, nyeupe na nyeusi, ili wenzao wasizipige. Kwa ndege zenye injini moja, kila mstari ulipaswa kuwa na upana wa sentimita 46 hivi. Kwenye karatasi ya amri mistari imenyooka. Lakini kazi ilifanywa kwa siku moja au mbili, mara nyingi kwa brashi tu, na picha zinaonyesha mistari iliyopinda na rangi iliyochuruzika. Anayepaka maketi yake kwa rula amefuata amri. Anayepinda mkono kidogo amefuata ukweli.

Mafunzo hayo ndiyo watu wanayaleta Katanga, na hapa hakuna daftari safi kama za Kew.

Mwaka wa 1961 ONU ilipogundua kwamba Fouga moja inatosha kuitesa, iliomba ndege za kivita. Ethiopia ikatuma Sabre, India ikatuma Canberra za mabomu, Uswidi ikatuma jeti nene zinazoitwa Tunnan, maana yake pipa, na kweli zinafanana na pipa lenye mabawa. Tunnan tano za kwanza zilifika Luluabourg, Kananga ya leo, kisha kituo chao kikawa Kamina. Mwaka wa 1962 ziliongezwa nne nyingine, pamoja na mbili za kupiga picha. Jumla 11, chini ya kikosi kilichopewa jina F 22.

Kwao Uswidi, ndege hizo zilifuata utaratibu mzuri. Namba ya ndege ilianza na 29, namba ya aina yake. Vikosi vidogo ndani ya kituo viliitwa kwa rangi, nyekundu, buluu na manjano, na herufi ya mkia ilifuata rangi hiyo. Mswidi anayejua utaratibu huo anaisoma ndege yoyote ya kwao kutoka mbali. Lakini Kamina haikuwa Uswidi. Ndege zilivaa herufi za Umoja wa Mataifa, na kadiri vita ilivyoendelea zikapakwa rangi za kujificha. Mtengenezaji wa maketi anataka kujua ni lini hasa, ndege ipi ilitangulia, na kama herufi ya zamani ilifunikwa au iliachwa.

Angeweza kwenda kuzitazama? Hapana. ONUC ilipofika mwisho, nyingine kati ya Tunnan hizo ziliharibiwa palepale kituoni. Uswidi haikuzihitaji tena na gharama ya kuzirudisha ilionekana kubwa mno. Upande wa Katanga ni vilevile: tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili 1962, ndege za ONU zilipiga uwanja wa Kolwezi na kuchoma ndege za Katanga zikiwa chini. Kilichobaki ni karatasi zilizotawanyika kati ya New York, Stockholm na Brussels, na picha ndani ya masanduku ya maaskari wa zamani.

Mtu anaweza kusema huo ni mchezo wa watu wenye nafasi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini swali la ndege ipi ilikuwa wapi, siku gani, si la mchezo peke yake katika kona hii ya dunia. Usiku wa kuamkia tarehe 18 mwezi wa tisa 1961, ndege ya Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, iliyokuwa inampeleka kukutana na Moïse Tshombe, ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo. Ndege yenyewe ilikuwa DC-6 yenye namba SE-BDY na jina Albertina. Watu 16 walikuwa ndani. Mmoja tu alikutwa hai, naye akafa baada ya siku chache.

Tume ya serikali ya wakoloni wa Rhodesia ilisema ni kosa la marubani. Tume ya ONU ya 1962 haikufunga mlango. Na karibu na pale kulikuwa watu wa mashamba na wachoma makala waliokuwa nje usiku ule. Baadhi yao walisema waliona ndege zaidi ya moja angani. Wakati ule maneno yao hayakupewa uzito. Ilipita nusu karne ndipo watafiti walirudi kuwasikiliza wazee hao vizuri. Kisha ONU ilimpa kazi Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, na katika ripoti yake ya 2017 aliandika kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa sababu ya ajali. Uwezo wa anga wa Katanga, Fouga zikiwemo, ni kati ya mambo aliyochunguza upya. Zilikuwa ngapi zinazoweza kuruka, zilishuka wapi, nani alizirusha: ni maswali yaleyale ambayo mtu wa maketi anayauliza akiwa na brashi mkononi, ingawa yeye anatafuta tu mahali pa kuandika 93.

Katika kazi hii yote kuna sauti ambazo hazisikiki. Vitabu vinataja marubani, mamluki, majenerali. Fundi aliyesukuma ndege, mtu aliyekata nyasi za uwanja, mtoto aliyekimbia kutazama juu ya ukuta wa shule, hao hawamo. Na bado Kolwezi, Likasi, Kamina na Lubumbashi kuna familia zenye albamu za miaka hiyo: baba amesimama na nguo ya kazi, nyuma yake bawa, kipande cha mkia, nusu ya herufi. Kwa familia ni picha ya baba. Kwa mtafiti, ile nusu ya herufi inaweza kumaliza mabishano ya miaka mingi.

Wakaaji wa Katanga wana kitu kingine ambacho mtu wa Stockholm hana: wanajua nyasi. Picha ikiandikwa nyuma "mwezi wa tisa 1961" na ardhi ni kavu, vichaka vimeungua na anga lina moshi, hiyo inakubalika, kwa sababu kiangazi kinakuwa mwisho mwisho. Lakini nyasi zikiwa ndefu na za kijani, na madimbwi ya maji kando ya magurudumu, tarehe hiyo ina mashaka. Picha inaelekea kuwa ya masika, na ndege yake si lazima iwe ile iliyopiga Jadotville. Mtafiti wa Ulaya anapima unene wa herufi kwa lupu. Mama wa Likasi angemwambia mwezi kwa kutazama majani.

Anayetaka kusaidia hahitaji kumpa mtu albamu. Apige picha ya picha, pande zote mbili, maana maandishi ya nyuma yana thamani sawa na sura ya mbele. Aandike jina la anayeonekana, kazi yake, na mahali. Kama hangari lina rangi au namba, asilikate ili sura ya baba ikae katikati. Na kama mzee bado yuko, aulizwe leo, tena aulizwe kwanza kuhusu kazi yake mwenyewe, si kuhusu ndege. Ndege itakuja yenyewe katika hadithi, pamoja na rangi yake.

Wale wa maketi, kwa upande wao, wamejizoeza jambo ambalo si kila mwanahistoria analikubali: kuacha nafasi tupu. Baadhi yao wakikosa picha ya upande wa kulia, wanaweka maketi yao kwenye kabati ikiwa imeelekeza upande wa kushoto kwa mtazamaji. Upande wa pili wanauacha bila namba.