Kuanguka, Kuoza na Kuachwa: Maneno ya Kiingereza ya Uharibikaji na Kazi ya Mfasiri



Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa tafsiri sentensi fupi ya Kiingereza iliyosema kwamba jumba moja kongwe la mawe lilikuwa katika hali ya "decay". Wengi wao waliandika kuwa jumba hilo lilikuwa linaoza. Darasa lilicheka, na lilikuwa na haki ya kucheka. Katika Kiswahili huoza nyama, tunda, jino, pengine na boriti ya paa; ukuta wa mawe hauozi, bali huchakaa, hupasuka, kisha hubomoka. Hata hivyo, kosa lile halikutokana na uzembe. Lilitokana na jinsi msamiati wa Kiingereza wa uharibikaji ulivyojengwa, na hilo ndilo ninalokusudia kulieleza.

Neno "decay" halikuanza na harufu wala na funza. Liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni kitenzi cha Kilatini "cadere", yaani kuanguka, kilichotanguliwa na kiambishi chenye maana ya kwenda chini. Kutokana na kitenzi hichohicho tunapata "decadence", neno linalotumika zaidi kwa maadili na sanaa zilizofifia. "Ruin" nalo lina asili ya "ruere", kuanguka kwa kishindo, na "collapse" ina asili ya kitenzi chenye maana ya kuteleza. "Decline" ni kuinama na kuacha wima. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya msamiati huu ni picha moja: kilichokuwa kimesimama hakisimami tena. Kwa kuwa picha hiyo haitaji kinachoanguka, neno moja laweza kubeba jino, jumba, dola na maadili bila taabu. Hata wanafizikia walilichukua "decay" kwa kiini cha atomu kinachopoteza nishati, mahali ambapo hakuna kinachooza hata kidogo.

Niseme jambo moja kwa faida ya wanaisimu. Istilahi tulizorithi za sarufi ya Kilatini zimetoka katika ukoo huohuo. Wanasarufi wa kale waliita maumbo ya nomino "casus", maanguko, wakifasiri neno la Kigiriki lenye maana hiyohiyo, na mfumo wa maumbo hayo wakauita "declinatio", mwinamo. Nomino ya kiima ilichukuliwa kuwa imesimama, na nyingine zimeinama kutoka kwayo. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo sarufi na magofu yamekaa karibu kiasi hicho.

Chini ya tabaka hili la Kilatini kuna tabaka la Kiingereza chenyewe: "rot", "rust", "wither", "crumble". Haya hayana makuu. Hutaja jambo linalotokea katika kitu chenyewe: kuoza, kuota kutu, kunyauka, kumomonyoka. Hapa Mswahili yuko nyumbani, kwani ndivyo lugha yetu inavyogawa mambo. Nguo huchakaa na kuchujuka, chakula huchacha, samaki huvunda, mbao huliwa na mchwa, biashara hudorora, hali ya mgonjwa huzorota. Kwetu sisi, anayetaka kusema habari ya uharibikaji sharti kwanza ajue ni kitu gani kimeharibika.

Tuchukue jina la kitabu cha Edward Gibbon kuhusu dola ya Kirumi, kilichochapishwa katika mabuku sita kati ya mwaka 1776 na 1788. Jina hilo linaunganisha "decline" na "fall", yaani kuinama kisha kuanguka. "Kuanguka" hakutusumbui, lakini dola ya Kiswahili haiinami. Hudhoofika au hudidimia. Ninachagua kudhoofika, maana kudidimia tayari ni kwenda chini, na kungekula nafasi ya neno linalofuata. Na "ruins" je? Kiingereza kinataja tendo la kuanguka, hali Kiswahili kinataja kilichobaki: gofu. Ndiyo maana hata mtu aliyekondeana twaweza kumwita gofu la mtu ingawa bado amesimama. Tuna pia mahame, neno lisilosema lolote juu ya kuta. Linasema tu kwamba watu walihama.

Mahali ambapo tofauti hizi zinagharimu fedha ni katika sheria. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na mikataba ya upangaji iliyozoea kuandikwa kwa Kiingereza sasa inapita mikononi mwa wafasiri. Humo mna maneno mawili yanayofanana kwa mbali. "Wear and tear" ni kuchakaa kwa matumizi ya kawaida, na kwa desturi mpangaji hadaiwi kwa hilo. "Dilapidations" ni jambo jingine. Asili yake ni neno la Kilatini la mawe, kutapanya mali kama anayetawanya mawe. Katika sheria ya kanisa la Uingereza lilihusu kasisi aliyeiacha nyumba ya parokia iharibike. Aliyerithi nafasi yake aliweza kumdai gharama za matengenezo, au kuwadai wasimamizi wa mirathi yake. Hadi leo, katika sheria ya upangaji ya Uingereza, neno hilo lina mdaiwa ndani yake.

Nimeona rasimu iliyofasiri yote mawili kwa neno "uchakavu". Matokeo yake ni kifungu kinachomsamehe mpangaji uchakavu, kikifuatwa na kingine kinachomtoza kwa uchakavu uleule. Kiswahili hakikosi njia ya kutenganisha. Kauli ya kutendeka humficha mtenda: nyumba imebomoka, bomba limeharibika. Tukitaka mtu awajibike tunasema ameibomoa, ameliharibu, au, kwa hali ya kasisi yule, ameiacha ichakae. Kwa hiyo napendekeza "uchakavu wa kawaida" kwa la kwanza, na "uharibifu wa kutotunza" kwa la pili. Neno hili la pili ni refu, nami sikulipenda nilipoliandika mara ya kwanza, lakini mpangaji akilisoma atajua anadaiwa nini.