Dakika Nane za Judi Dench

Machi 1999, Judi Dench alitunukiwa Oscar kwa kumwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika filamu ya Shakespeare in Love. Filamu hiyo inachukua saa mbili na ushei, na yeye anaonekana kwa takriban dakika nane tu. Wapo waliouliza tuzo kubwa namna hiyo ilipatikanaje kwa muda mfupi kiasi hicho. Jibu tulitafute katika miaka zaidi ya 40 iliyozitangulia dakika hizo.

Dench alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1934. Alisomea uigizaji London, na mwaka 1957 akaanza kazi rasmi jukwaani kama Ophelia katika tamthilia ya Hamlet. Sinema haikumfungulia mlango upesi. Amesimulia kwamba mwongozaji mmoja alimwambia uso wake haufai kwa filamu. Moyo wake ukabaki jukwaani, na huko ndiko ufundi wake ulikoiva.

Hapa yafaa kueleza jambo. Mwigizaji wa ukumbi mkubwa humchezea mtu aliyekaa safu ya nyuma kabisa: hupaza sauti na kupanua ishara. Kamera humsogelea hadi shubiri chache kutoka usoni, na yale yaliyopendeza ukumbini hugeuka kelele. Wengi waliobobea jukwaani hukwama hapo.

Dench alipata daraja la kumvusha kutoka jukwaani hadi kwenye kamera mwaka 1976, alipocheza Lady Macbeth, mke aliyemchochea mumewe kumuua mfalme katika tamthilia ya Macbeth, pamoja na Ian McKellen katika ukumbi wa The Other Place, Stratford, chini ya mwongozaji Trevor Nunn. Lilikuwa jengo dogo la mabati. Watazamaji walikaa karibu mno na waigizaji, na jukwaa lenyewe lilikuwa duara tu lililochorwa sakafuni. Mahali pa namna hiyo, kukunja uso kidogo kunatosha. Onyesho hilo lilirekodiwa kwa ajili ya televisheni, na ukimtazama akisugua mikono usingizini kuondoa damu isiyokuwepo, utaona mtu ambaye tayari ameijua kamera.

Televisheni ikamwongezea somo la pili, la kupima muda. Katika kichekesho cha A Fine Romance (1981–1984) alicheza na mumewe, Michael Williams. Baadaye ikaja As Time Goes By, iliyoanza mwaka 1992, akiwa na Geoffrey Palmer. Humo anacheza Jean, anayekutana tena na Lionel, mpenzi wa ujanani aliyeishi miaka mingi Kenya akilima kahawa. Kichekesho hufa neno likiwahi au likichelewa. Dench alijua kunyamaza hadi mtazamaji amalize kuwaza, ndipo aseme.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 60, alikuwa mwanamke wa kwanza kumwigiza M, mkuu wa jasusi James Bond, katika filamu ya GoldenEye. Mwaka 1997 alicheza Malkia Victoria katika Mrs Brown, filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ikaishia kwenye majumba ya sinema, naye akateuliwa kuwania Oscar kwa mara ya kwanza. Aliyeiongoza, John Madden, ndiye aliyemwita tena kuwa Elizabeth.

Sasa zirudie zile dakika nane. Malkia anafika penye dimbwi la maji, wanaume wanasitasita kumtandikia majoho, naye hawangoji: anapita majini. Hapo mamlaka, uchovu na dharau vinaonekana kwa pamoja, bila kelele yoyote.

Mwaka 2012 alieleza hadharani kuwa macho yake yanafifia. Ilibidi asomewe maneno ya wahusika wake hadi ayahifadhi. Filamu ya Belfast ya mwaka 2021 ilimpa uteuzi wake wa nane wa Oscar.

Kijana unayeanza kuigiza, ukipewa sehemu ya mistari mitatu, iandae kama ungeandaa filamu nzima. Mtazamaji hatakupima kwa saa.