'Ndia' pia ni njia, walimu tuzindukane

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo nimeifundisha mara nyingi, lakini maana yake ilinikaa moyoni usiku mmoja wa Desemba mwaka 2016, nikiwa ndani ya gari la moshi lililokuwa likitoka Mombasa kwenda Nairobi. Miguu ilikuwa ikiniuma, ngozi imebabuka kwa jua, na baiskeli yangu imelazwa katika behewa la mizigo. Nilikuwa narejea nyumbani. Nilikuwa pia narejea, kwa mawazo, kwenye kosa nililolitenda darasani miaka saba kabla ya hapo.

Nianze na baiskeli. Likizo ilipofunguliwa nilipanda basi hadi Malindi, baiskeli ikiwa juu ya paa, kisha nikaanza kushuka kusini kwa kuikanyaga. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120, na kijana mwenye nguvu aweza kuzimaliza kwa siku moja. Mimi nilichukua siku tano. Niliingia Gede kutazama magofu, nikavuka daraja la Kilifi nikiisukuma baiskeli kwa mkono ili niutazame mkono wa bahari ulio chini, nikapita kando ya mashamba ya mkonge ya Vipingo. Mwenye gari huiona pwani kupitia kioo. Mwenye baiskeli huisikia, maana kila baada ya muda hulazimika kusimama, kuomba maji na kuuliza njia.

Siku ya tatu nilikuwa nimeiacha barabara kuu, nikielekea Takaungu, gurudumu la nyuma lilipoingia mwiba. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe alinitazama nikihangaika na tyubu, nikiipapasa bila kukiona kitundu. Mwishowe akainuka, akasogea.

"Mwanangu, fungua mato," aliniambia. "Ndia hii ina miba mingi, na mwiba hautafutwi kwa haraka."

Alileta maji katika karai, akaitumbukiza tyubu, na viputo vikamwonyesha kitundu. Tulipokuwa tukingoja gundi ya kiraka ikauke aliniuliza kazi yangu. Nikamjibu, kwa majivuno kidogo, kwamba nafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mzee akateka, kama wasemavyo wao, yaani akacheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Alaa! Basi ndinyi muwaambiao wanetu kwamba mama zao hawajui kusema?"

Sikuwa na jibu. Nilimshukuru, nikamwaga, nikapanda baiskeli. Lakini swali lile lilipanda nami.

Mpenzi msomaji, sababu ya swali lile kunichoma ni hii. Mwaka 2009, nikiwa mhadhiri mpya, nilisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja aliyetoka pwani. Aliandika "ndia" mahali pa njia na "mato" mahali pa macho. Nilikata kwa kalamu nyekundu. Hilo pekee lingesameheka, lakini sikuishia hapo. Nilizisoma sentensi zake mbele ya wenzake kama mfano wa uzembe, na darasa zima likaangua kicheko. Kijana yule alikuwa msemaji mzuri, mwenye kuinua mkono kila kipindi. Tangu siku ile hadi alipohitimu sikumsikia tena akiuliza swali.

Na mimi nilikuwa najua! Hapo ndipo aibu ilipo. Mwanaisimu yeyote anajua kwamba Kimvita, katika maneno mengi, hutumia t pale Kiunguja kinapotumia ch: mato na macho, kuteka na kucheka, mtele na mchele. Vivyo hivyo Kiamu na Kimvita vina ndia na ndaa ambapo Kiunguja kina njia na njaa. Ulingano huu una kanuni, kwa hivyo hauwezi kuitwa uzembe. Saa nne niliwaeleza wanafunzi kanuni hizi katika somo la lahaja. Saa tano nikamwadhibu mmoja wao kwa kuzifuata. Aidha, katika somo la fasihi tulimsifu Muyaka bin Haji wa Mombasa, tukausifu utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, kazi zilizotungwa kwa lahaja hizo hizo. Lahaja ikitoka katika kinywa cha mshairi aliyekufa tunaiita hazina. Ikitoka katika kalamu ya mwanafunzi aliye hai tunaiita kosa.

Mawazo haya ndiyo niliyopanda nayo treni jioni ile pale Mombasa. Wakati huo ile ya reli ya zamani ilikuwa bado inasafiri usiku kucha, na zile kilomita zipatazo 530 hadi Nairobi zilimpa abiria nafasi ya kutosha ya kujihesabu. Mazeras na Mariakani tulizipita kungali na sauti za watu. Baada ya hapo giza la Taru likatumeza. Abiria wenzangu walisimuliana habari hadi usiku wa manane. Mama aliyekuwa akishukia Voi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kitaita, na mzee wa kutoka Kisumu alimjibu kwa Kiswahili chake. Hakuna aliyemsahihisha mwenziwe, na hakuna aliyeshindwa kuelewa.

Nikatega sikio kwa maneno yao. Gari, neno lililotujia kutoka kwa Wahindi. Stesheni, tikiti, injini, bogi, yote yametoka kwa Waingereza. Hata baiskeli yangu kule nyuma ina jina la kigeni. Maneno haya tumeyakaribisha, tukayapa ngeli, tukayatia katika kamusi, na hapana ubaya. Lakini "ndia", mzawa wa mwambao huu huu, tunamfukuza mlangoni kwa kalamu nyekundu.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili sanifu kitupwe. Mtihani wa taifa, gazeti hili na vitabu vya shule vyahitaji lugha moja inayoeleweka kote, kama vile reli inavyohitaji upana mmoja ili mabehewa yapite. Reli ile ilianza kutandazwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, nayo ilikuwa na upana wa mita 1. Reli mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo mwaka 2017 ina upana wa milimita 1,435. Je, ya kwanza ilikuwa kosa? La hasha. Upana wa reli ni mapatano ya watu.

Kiswahili sanifu nacho ni mapatano. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliitungia kamusi yake katika msingi wa Kimvita, nayo ikachapishwa mwaka 1882. Askofu Edward Steere naye alikishughulikia Kiunguja. Mkutano uliokata shauri mwaka 1928 kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa usanifishaji uliketi Mombasa kwenyewe, nyumbani kwa Kimvita. Lau mizani ingeelemea upande wa pili, leo hii mtoto wa Unguja ndiye angekatwa alama kwa kuandika "njia".

Basi walimu wenzangu tufanyeje? Mwanafunzi akiandika "ndia", tusitie alama ya kosa tukapita. Tuandike pembeni: "Hili ni la Kimvita au Kiamu, katika sanifu tunaandika njia." Sentensi moja tu, na mtoto atajifunza sanifu bila kufundishwa kumwonea haya mama yake. Nanyi wanafunzi, yaandikeni katika daftari maneno ya nyumbani ambayo hamyaoni vitabuni. Muhula ulipofunguliwa Januari 2017, hilo ndilo zoezi la kwanza nililowapa wanafunzi wangu, baada ya kuwasimulia niliyomtendea mwenzao.

Asubuhi ile tulizinduka tukiwa tumeikaribia Nairobi, nyanda za Athi zikiwa zimejaa umande. Niliiteremsha baiskeli nikakuta kiraka cha mzee wa Takaungu kingali kinashika. Kijana yule wa mwaka 2009 huenda leo ni mwalimu, na huenda anausoma ukurasa huu. Kama anausoma, namwambia hadharani, kwa kuwa nilimwaibisha hadharani: insha yako ilikuwa na ndia yake. Aliyepotea ni mimi.