Dirisha la uPVC Halifungi? Cheki Hii Kabla Hujaita Fundi

Wiki tatu nzima nililala dirisha la bedruumu likiwa limefungwa na kamba ya kiatu. Na nilikuwa nakaa graundi. Mkono wa dirisha ulikuwa unazunguka bure kama usukani wa gari la mtoto, haushiki kitu. Kila nikimpigia keateka ananiambia fundi anakuja Jumamosi. Jumamosi tatu zikapita. Halafu jirani wa mlango wa pili akarudi job akapata laptop imeenda, wakora wamepitia dirisha bovu kama langu. Hapo ndio nilinunua bisibisi.

Kama keja yako iko kwa hizi ploti mpya na madirisha ni yale meupe ya plastiki ngumu, hiyo ndiyo uPVC. Wajenzi wanaipenda juu haishiki kutu na haihitaji rangi. Lakini ndani yake kuna vyuma, na hivyo ndivyo huharibika. Wasee wa Mombasa na Mtwapa wanajua: fremu inakaa mpya miaka, skrubu na gia zinaliwa na chumvi ya bahari.

Fungua dirisha uangalie ukingo wake. Kuna upau mrefu wa chuma wenye vichwa vidogo kama uyoga. Ukizungusha mkono, kiboksi cha gia kilichofichwa ndani kinasukuma huo upau, na vile vichwa vinaingia kwa vibati vilivyo kwenye fremu ya ukutani. Kwa hivyo mkono ukizunguka bure, shida ni moja kati ya mbili: mkono umekufa ama gia imekufa. Bei zake haziko karibu, kwa hivyo usikubali fundi akuambie "ni kitu yote" kabla hujajua ni gani.

Kujua ni rahisi, ila fanya dirisha likiwa wazi, tafadhali. Ukilifunga na gia ikakwama, utalifungua kwa kuvunja. Zungusha mkono kama wa kufungua, utaona kifuniko kidogo cha plastiki kinachoficha skrubu. Kisogeze na bisibisi bapa, pole pole. Skrubu ni mbili. Zitoe, vuta mkono, utatoka na kipande cha chuma cha mraba, kawaida cha milimita 7 kila upande. Sasa rudisha hicho chuma peke yake kwa tundu, ukishike na koleo, uzungushe. Vile vichwa vya uyoga vikitembea, gia iko fiti, nunua mkono tu. Visipotembea, ama usikie kitu kinasagika ndani, gia ndio imeenda.

Kununua mkono ndipo wengi huchapwa. Usiende hadwea na mdomo tu, beba ule wa zamani. Umbali kati ya skrubu mbili mara nyingi ni milimita 43, hiyo haisumbui sana. Kinachosumbua ni urefu wa kile chuma cha mraba. Kikiwa kifupi hakifiki kwa gia. Kikiwa kirefu, mkono hautakaa sawa kwa fremu. Na kama mkono wako umepinda upande mmoja, kuna wa kulia na wa kushoto. Mimi nilirudi dukani mara mbili, mara ya pili muuzaji akacheka waziwazi.

Kuna ile kesi nyingine: mkono si mlegevu, ni mgumu, unausukuma na mikono miwili. Usilazimishe! Gia nyingi hufa hivyo. Hapo kawaida dirisha limeshuka kidogo na vichwa vinagonga vibati badala ya kuingia. Kaza skrubu za bawaba kwanza. Halafu paka vichwa chaki, funga pole pole, fungua, uone chaki imeguswa wapi. Kwa madirisha mengi vile vichwa vinaweza kuzungushwa na alenki, mara nyingi ya milimita 4, ili vibane zaidi ama vilegee. Zungusha kidogo tu, ujaribu, urudie.

Vumbi la Nairobi nalo halina huruma. Pangusa upau na brashi kavu, kisha weka matone machache ya mafuta ya mashine. Mafuta ya kupika hapana, yanaganda na kushika vumbi zaidi. Thina na petroli usiguse nazo fremu kabisa, zinaharibu ile plastiki. Maji na sabuni yanatosha.

Kuhusu mikono ya kufuli, ile yenye kifunguo kidogo: usiiamini sana. Nyingi za aina moja hufunguliwa na kifunguo kilekile. Kazi yake ni kuzuia mtoto asifungue dirisha la floo ya nne, na kuzuia mkora aliyevunja kioo asiingize mkono na kufungua. Ukiwa na mtoto, funga. Lakini kifunguo kikae mahali kila mtu mkubwa wa nyumba anajua, juu moto ukiwaka usiku hakuna wakati wa kukitafuta.

Dirisha likikwama limefungwa na gia imevunjika ndani, hapo acha ujuaji, ita fundi wa uPVC. Pia usitoboe fremu kuweka komeo la kawaida. Kuna chuma cha kuishikilia na njia za maji ya mvua humo ndani, utaanza kuuliza mbona ukuta unalowa.

Na kabla hujatoa skrubu hata moja, piga picha na video, umtumie landilodi kwa WhatsApp ukimwambia unachotaka kufanya. Weka risiti. Mkono ule mbovu pia usitupe. Langu lilikatwa kwa rent ya mwezi uliofuata bila kelele, na keateka bado anasema fundi anakuja Jumamosi.